Django 6.0 na foleni ya meseji za Jumamosi

Django ni zana huria ya kuandikia tovuti kwa lugha ya programu ya Python. Toleo lake la 6.0 lilitoka Jumatano, tarehe 3 Desemba 2025, nami nilikuwa Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikimsubiri dada yangu apimiwe mukene. Mukene ndio samaki wadogo ambao Wakenya wanawaita omena na Watanzania dagaa. Sisi wa Busia, mpakani upande wa Uganda, tunaitikia majina yote matatu kwa sababu wanunuzi wanatoka pande zote. Mtandao wa pale ziwani ni wa kubahatisha, lakini asubuhi hiyo ulikubali, nikafungua maelezo ya toleo kwenye simu na kuyasoma toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nimeketi juu ya gunia. Dada aliporudi aliniuliza kama kuna msiba, kwa jinsi nilivyokuwa nimenyamaza.

Hapakuwa na msiba. Nilikuwa nimekutana na kitu nilichokisubiri tangu 2021, na ili nikieleze inabidi kwanza nizieleze Jumamosi zetu.

Natunza mfumo wa chama cha akiba na mikopo cha wanawake wa sokoni hapa Busia. Wanauza mayai, nyanya, mitumba, mahindi, mukene, na wengi wao huvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Jumamosi wanakuja kama 140. Kila mmoja anafika mezani kwa mama mhazini na alichonacho: shilingi 5,000, 10,000, mara nyingine 50,000 kama wiki ilikuwa na baraka. Mama mhazini anaandika kiasi kwenye simu, anabonyeza Hifadhi, na mwanachama anapokea meseji: umeweka kiasi hiki, jumla yako sasa ni hii. Meseji hiyo ndiyo risiti. Wapo wasiojua kusoma, lakini mlio wake wanaujua, na hakuna anayeinuka kwenye benchi kabla simu yake haijalia.

Nilivyouandika mfumo mwanzoni, kile kitufe cha Hifadhi kilifanya mambo mawili kwa mpigo. Kiliandika akiba kwenye hifadhidata, kisha kikapiga hodi kwa kampuni inayosafirisha meseji na kusimama mlangoni kungoja jibu. Kuandika ni kufumba na kufumbua. Kungoja kulichukua sekunde mbili, siku nyingine ishirini. Jumamosi moja ya Mei 2021 jibu halikuja kabisa. Mama mhazini akaniita: "Mwanangu, hii kitu inazunguka tu, haisemi neno." Kabla sijafika mezani alikuwa ameshabonyeza tena, na tena. Mama mmoja muuza mayai aliyeleta 20,000 akasomeka ameweka 60,000.

Hakuna aliyeiba chochote. Lakini wanawake wale walishawahi kuwa na chama kingine, na mshika daftari wa chama kile alihama mji usiku na akiba za miaka miwili. Ukisimama mbele yao ukasema "ni hitilafu ya kompyuta," wanakumbuka yule. Nilikaa usiku tatu nikilinganisha rekodi moja moja na daftari la karatasi, na mwenyekiti akaagiza daftari lile liendelee kuandikwa sambamba na mfumo. Linaandikwa mpaka leo. Naona alikuwa sahihi.

Dawa ya ile akiba ya mara tatu ilikuwa rahisi nilipotulia: kila fomu inayofunguliwa hupewa namba yake ya siri, na hifadhidata inakatazwa kupokea namba ile ile mara mbili. Django ina sharti la upekee, `UniqueConstraint`, kwa kazi hiyo hasa. Nalitaja mapema kwa sababu nimeona watu wakifurahia foleni kana kwamba inatibu marudio. Haitibu. Ukibonyeza mara tatu bila sharti, foleni itapokea kazi tatu na kuzitekeleza zote kwa uaminifu.

Kungoja ndiko kulikonisumbua miaka. Kinachotakiwa ni kwamba akiba ikishaandikwa, mama mhazini ajibiwe papo hapo, na ile kazi ya kutuma meseji iwekwe pembeni, ichukuliwe na mwingine, ifanywe kwa wakati wake, na ikishindikana ijaribiwe tena. Tovuti kubwa zote zinafanya hivyo. Njia iliyozoeleka kwa watu wa Django ilikuwa Celery, programu ya kuendesha kazi za pembeni, na Celery inataka dalali wa katikati wa kuishika foleni, mara nyingi programu nyingine iitwayo Redis. Nikavifunga vyote viwili kwenye seva yetu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1. Vilitosha, kwa kubanana. Kisha wiki ya pili ule mchakato wa pembeni ulikufa kwa kukosa kumbukumbu, na kwa sababu kila kitu kingine kiliendelea kama kawaida, hakuna aliyejua. Siku mbili bila meseji. Mimi niliambiwa na mama muuza mayai, yule yule, aliyenikuta barabarani na kuniuliza kwa upole kama pesa yake imefika.

Nikaling'oa lote. Nikatengeneza jedwali langu la meseji zinazosubiri, na amri ndogo inayoamshwa kila dakika na ratiba ya seva: chukua zilizosubiri, tuma, weka alama. Faili moja, mistari 212. Imefanya kazi miaka minne na nusu na naionea fahari. Ila ni lugha yangu binafsi. Sheria za lini ijaribu tena, lini ikate tamaa, kwa nini safu fulani ya jedwali inaitwa hivi, zote zimo kichwani mwangu. Mwaka 2024 nililazwa siku tisa kwa malaria, na katika siku zile mia na arobaini wale walikuwa wanategemea mistari 212 isiyoeleweka na mtu mwingine yeyote hapa Busia.

Sasa mnaelewa kwa nini nilinyamaza pale juu ya gunia. Django 6.0 imeleta kazi za nyuma, yaani zile zinazofanywa pembeni bila mtu kuzingoja, ndani ya Django yenyewe. Unaandika funksheni yako, unaweka `@task` juu yake, na pale ulipokuwa ukiiita moja kwa moja unaita `enqueue`, yaani weka foleni. Basi. Jina moja, mahali pamoja, kwa kila mtu anayetumia Django duniani. Aliyependekeza na kulisukuma jambo hili ni Jake Howard, na lilipita kwenye utaratibu wao wa mapendekezo ya maandishi, DEP namba 14, ambapo watu walijadiliana hadharani kabla ya msimbo kuingia.

Wengi wataruka hapa na kujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Django haikuleta mchapakazi, yaani ule mchakato wa pembeni unaozifanya kazi zilizo foleni. Imeleta namna ya kuandika kazi, kuikagua, kuipanga foleni na kusoma matokeo yake; kuitekeleza ni juu yako. Ndani ya boksi kuna njia mbili tu. Moja inaifanya kazi pale pale, ndani ya ombi lile lile, na ndiyo inayotumika usipogusa mpangilio wowote. Maana yake ukiweka `@task` na kudhani umemaliza, mama mhazini bado ataona kiduara kinazunguka. Ya pili haifanyi kazi kabisa, inaihifadhi tu ili majaribio yako yaikague. Zote mbili ni za mezani kwa mwandishi. Kwa seva ya kweli unahitaji kifurushi cha nje, na kipo kinachotumia hifadhidata yako kama foleni, bila Redis, na mchakato mmoja mdogo pembeni. Kwetu tuna hifadhidata ya PostgreSQL tayari, kwa hiyo hakuna kitu kipya cha kulisha kumbukumbu.

Mambo mengine mawili niliyoyajua kwa kugonga mwamba. Unachoipa kazi lazima kiweze kuandikwa kama JSON, muundo rahisi wa kuandikia data: namba, maandishi, orodha. Usimpe mwanachama mzima, mpe namba yake na umwache mchapakazi amtafute mwenyewe. Na kama umeandika akiba ndani ya muamala wa hifadhidata, usiweke kazi foleni kabla muamala haujathibitishwa. Tumia `transaction.on_commit`. Bila hivyo mchapakazi mwenye haraka anaweza kwenda kutafuta akiba ambayo bado haijaandikwa, akarudi mikono mitupu.

Nilijifunza Django mwaka 2019, ilipokuwa 2.2, kwa somo la Django Girls lililoko wazi mtandaoni, kwenye chumba cha binamu yangu kilichokuwa na kompyuta. Lakini kuielewa hasa nilielewa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima karibu siku tano. Nilikuwa nimeshapakua nyaraka zote za Django kwenye laptopu, kwa sababu wanaziweka zipakuliwe bure kama faili moja. Siku zile nilizisoma kama mtu asomavyo Juzuu Amma, toka mwanzo. Mpaka leo kila toleo jipya likitoka kitu cha kwanza ninachofanya ni kupakua nyaraka zake. Bando si rahisi: Julai 2021 ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliondolewa na mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya data ya intaneti, na mtu anayefanya kazi kama yangu anaisikia.

Katika nyaraka zile ndimo nilimosoma pia kwamba Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuiandika mwaka 2003 wakiwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ambako habari ikiingia mchana inatakiwa iwe na ukurasa wake jioni. Ikatolewa kama programu huria Julai 2005. Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye mwaka 1928 aliungua moto na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa, naye akaendelea kupiga kwa vilivyobaki. Herufi D ya mwanzo haisikiki, semeni Jango.

Nirudi kwenye chama. Pamoja na furaha yote, chama sijakipeleka 6.0, na nataka kueleza sababu kwa sababu kuna vijana wananiandikia wakidhani jipya ndilo la kukimbilia kila mara. Django hutoa toleo kila baada ya miezi minane hivi, na baadhi ya matoleo hutunzwa kwa muda mrefu: 2.2, 3.2, 4.2, 5.2. Ya sasa, 5.2, ilitoka Aprili 2025 na itapata marekebisho ya usalama mpaka Aprili 2028. 6.0 haimo kwenye kundi hilo. Mtu mmoja anayetunza pesa za watu 140 kwenye seva moja anahitaji usingizi, na 5.2 inanipa usingizi wa miaka mitatu. Tena 6.0 inataka Python 3.12 kwenda juu. Seva ya chama inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na Python iliyokuja nayo ni 3.10. 5.2 inaikubali 3.10, 6.0 haiikubali. Kubadili Django nabadili kwa jioni moja. Kubadili seva nzima chini ya mfumo unaofanya kazi, hapana, hiyo ni safari nyingine.

Lakini foleni nimeipata. Kile kifurushi ambacho ndani yake wazo la kazi za nyuma lilikuzwa kabla ya kuingizwa, django-tasks, kinafanya kazi na 5.2 pia, kwa maneno yale yale. Naandika `@task` na `enqueue` leo, na siku chama kikihamia toleo refu lijalo, 6.2, linalotarajiwa Aprili 2027, nitabadilisha mstari wa kuagiza juu ya faili na machache ya mipangilio.

Kutoka 4.2 kwenda 5.2 tulihama Oktoba, kwa hatua, kama wanavyoshauri: 5.0 kwanza, kisha 5.1, kisha 5.2. Kila hatua niliendesha majaribio kwa `python -Wa manage.py test`, ile `-Wa` ikiagiza kila onyo lionyeshwe. Vitu viwili vilivunjika, vyote kwenye 5.0, na vyote nilikuwa nimeshaonywa.

Cha kwanza ni kitufe cha Toka. Nilikuwa nimekiweka kama kiungo cha kawaida, na 5.0 haikubali tena mtu atoke kwenye akaunti kwa kufungua kiungo tu. Lazima iwe fomu inayotumwa. Mama mhazini alibonyeza Toka wakati wa jaribio akapata ukurasa mweupe wenye namba 405, yaani njia hiyo hairuhusiwi. Sababu yao ni nzuri. Kiungo kinaweza kufunguliwa na kivinjari chenyewe kikijaribu kuwahi mbele, au na picha ya uongo iliyowekwa kwenye tovuti nyingine, na mtu akajikuta ametolewa bila kujua. Onyo lilikuwepo tangu 4.1, Agosti 2022. Nililiona likipita kwenye skrini mara nyingi na kusema nitalishughulikia.

Cha pili ni saa, na hapa nitajiachia kidogo kwa sababu ndipo mahali ninapopapenda zaidi katika mfumo wote. Django ina tafsiri ya Kiswahili. Ukiandika `LANGUAGE_CODE = "sw"`, siku zinakuja Jumatatu, Jumanne, na miezi inakuja kama tunavyoisema. Watu walikaa bila malipo wakatafsiri. Saa, hata hivyo, inabaki ya kizungu. Miezi ya kwanza meseji zetu zilisema "umeweka 10,000, 09:10." Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba yeye hakuweka pesa saa tisa, saa tisa alikuwa ng'ambo ya mpaka na mashahidi anao. Alikuwa anasema kweli. Aliweka saa tatu na dakika kumi asubuhi, na meseji ilimwandikia saa tisa.

Nikaandika kichujio kidogo cha violezo, yaani kipande cha msimbo kinachobadilisha namna kitu kinavyoandikwa: chukua saa ya Kampala, toa sita, gawa kwa kumi na mbili ubaki na salio, salio likiwa sifuri andika 12, kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Meseji sasa zinasema saa 3 na dakika 10 asubuhi, na tangu hapo sijapata lalamiko la saa hata moja. Wasemaji wa Luganda, Lusamia na Ateso sokoni wanahesabu hivyo hivyo, kwa hiyo kichujio kimoja kimetosha lugha zote. Kilivunjika kwenye 5.0 kwa sababu nilikiandika kwa pytz, maktaba ya zamani ya saa za maeneo, na 5.0 iliacha kuitegemeza pytz baada ya kutangaza kwenye 4.0, Desemba 2021, kwamba sasa ni zoneinfo ya Python yenyewe. Karibu miaka miwili ya taarifa. Nilibadilisha mistari minne.

Hii tabia ya kutoa taarifa mapema ndiyo iliyoniweka kwa Django. Nimeona zana nyingine ambazo unaamka asubuhi mlango umehamishwa ukuta mwingine. Wale wa Django wanakwambia: mlango huu tutauhamisha, ukiwa na haraka pita huu mpya leo, la sivyo una matoleo mawili ya kujipanga. Mkopeshaji anayekupa tarehe ya kulipa na kuikumbusha mara tatu unaweza kufanya naye kazi. Nakiri nililaumu nilipoona 405, kisha nikasoma rekodi zangu za majaribio na kukuta onyo lenyewe.

Na 6.0 nimeitumia, kwenye kitu kidogo. Dada yangu na wenzake wa Majanji wana ukurasa wa bei: mukene mkavu kwa debe, kwa gunia, mwalo huu na ule, asubuhi na jioni. Hapana pesa ya mtu mle, hivyo naweza kujaribu. Niliuweka kwenye seva mpya yenye Ubuntu 24.04, Python 3.12 ikiwa imo tayari. Kilichonifurahisha huko ni vipande vya kiolezo. Zamani kama unataka kubadilisha safu moja ya jedwali bila kupakia ukurasa wote, ulikata safu ile ukaiweka kwenye faili lake, na baada ya miezi sita una mafaili thelathini madogo usiyokumbuka yanaitwa wapi. Sasa unaizungushia `partialdef` na jina pale pale ilipo, na ukitaka safu peke yake unaiomba kwa jina la ukurasa, alama ya reli, na jina la kipande: `bei.html#safu`. Wazo lilikuwa kifurushi cha Carlton Gibson kwa muda, sasa limeingia nyumbani. Kwa kushirikiana na htmx, maktaba ndogo inayobadilisha kipande cha ukurasa bila kuupakia wote, ukurasa wetu mzima ni kilobaiti 46, na bei ikibadilika inayosafiri ni kama 2. Dada anatumia bando la siku, tofauti hiyo anaiona kwenye mfuko.

Pia kuna sera ya usalama wa maudhui, inayokiambia kivinjari ni hati zipi tu zinazoruhusiwa kukimbia kwenye ukurasa wako. Nilianza na hali ya kuripoti bila kuzuia, mpangilio wake ni `SECURE_CSP_REPORT_ONLY`, na ndani ya siku moja ikanionyesha vitufe kumi na kimoja nilivyoviwekea msimbo ndani ya HTML kwa uvivu wa zamani. Nimesafisha tisa.

Mengine nayataja tu. Barua pepe sasa zinatumia njia mpya ya Python. Namba za utambulisho za rekodi sasa ni za aina kubwa hata usipogusa mpangilio wowote. Ya kwetu ya zamani inaishia 2,147,483,647, na kwa rekodi 140 kwa wiki tuna miaka karibu 295,000 kabla ya kujaa, kwa hiyo hilo nimeliacha.

Agosti 2025 nilikwenda Arusha, kwenye DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django barani. Ya kwanza ilikuwa Zanzibar, Novemba 2023, nauli ikanishinda. Hii nilipanda basi: Busia, Nairobi, Namanga, Arusha. Nimetumia Django miaka sita nikiwaza kwa Kiswahili na kuongea kazi yangu kwa Kiingereza, kwa sababu hapa Uganda Kiswahili kilibaki muda mrefu lugha ya kambi na soko. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likakisukuma tena Julai 2022, lakini kwenye meza ya wanaoandika programu Kampala bado utakisikia kwa nadra. Arusha, nje ya ukumbi, tukinywa chai, Watanzania walikuwa wanabishana kuhusu foleni, violezo na hifadhidata, kwa sauti ya watu wanaobishana mpira. Nilisimama nikasikiliza tu. Niliporudi nikabadilisha majina ndani ya msimbo wa chama. Kazi inayotuma meseji inaitwa `tuma_risiti`.

Iliandikwa na binti ninayemfundisha, aliyemaliza S6, yaani kidato cha sita, mwaka 2024, mtoto wa muuza nyanya mmoja wa chama. Nilimpa nyaraka nilizopakua na sikumweleza kitu kuhusu ile mistari yangu 212. Alisoma jioni mbili, akaja na mistari 31. Niliisoma na kuielewa yote bila kumuuliza swali, na yeye angeweza kumpa mtu wa Arusha au wa Lawrence naye angeielewa. Alikuwa amesahau `on_commit`, nilimwonyesha, akaiweka.

Tuliiwasha Ijumaa usiku, tarehe 19 Desemba. Jumamosi nilikaa benchi ya nyuma na laptopu, daftari la karatasi likiwa mezani kama kawaida. Wanachama walikuwa 138. Saa 5 asubuhi umeme ulikatika mjini, kampuni ya meseji ikawa haijibu kwa dakika kama kumi na tano, na foleni ikajaa mpaka meseji 22. Mama mhazini hakujua. Simu yake ilikuwa inajibu "Imehifadhiwa" kila alipobonyeza, na aliendelea kuita jina linalofuata. Niliwaeleza waliokuwa kwenye benchi kwamba risiti zinakuja, nao wakakaa, maana hawainuki. Kisha zikaanza kulia, moja, mbili, halafu benchi nzima.

Mama muuza mayai alitoa simu yake, akampa mjukuu asome. "Umeweka shilingi 20,000, saa 5 na dakika 4 asubuhi." Akaniangalia, akauliza, "Mara moja?"

Mara moja, mama.